Sekela Bado Yuko Juu ya Nguzo

Usiku ule nililala na furaha, na ndiyo maana hadi leo nikikumbuka najisikia vibaya. Mvua nyembamba ya Njombe ilikuwa inagonga bati, watoto walishasinzia, na mume wangu alikuwa ameniambia neno ambalo hakuwahi kuniambia tangu tuoane: kwamba akipita mjini anajivunia kuitwa mume wangu. Mchana wake Bosi Sanga alikuwa amenipigia simu. Alinitaka niwe msimamizi wa kikosi chake kipya, kikosi cha kupeleka umeme kwenye vijiji vya huko milimani. Ningepewa gari la kazi na ofisi yenye mlango, na chini yangu wangekuwepo mafundi vijana waliotoka chuoni. Nilimwambia nitamjibu asubuhi. Moyoni nilikuwa nimeshamjibu.

Mimi ni fundi wa laini za umeme. Kazi yangu ni kupanda nguzo. Chuoni tulikuwa wasichana wawili tu katika darasa letu, mimi na Sekela, na wavulana walituita mapacha ingawa yeye alikuwa mrefu na mimi mfupi, yeye mcheshi na mimi mzito wa maneno. Sekela amekufa. Alikufia kazini, juu ya nguzo, akiwa fundi wa huyohuyo Bosi Sanga.

Najua mtu atauliza: uliwezaje kufurahia? Miaka inapita, mtu anachoka kuchukia. Halafu Sanga si mtu rahisi kumchukia. Alilia kwenye mazishi ya Sekela kuliko wajomba zake.

Basi nikalala. Na Sekela akaja.

Ilikuwa mchana katika ndoto. Nilikuwa natembea kwenye mteremko wa misonobari, ukungu umeshuka hadi magotini, na chini ya ukungu nasikia majani makavu yakivunjika ingawa miguu yangu siioni. Nilikuwa natafuta kitu, sijui nini. Kisha nikasikia jina langu linaitwa kutoka juu.

"Anitha."

Nikainua macho. Palikuwa na nguzo katikati ya miti, imesimama peke yake, haina nguzo ya kabla wala ya baada yake. Juu kabisa ameketi Sekela, ameegemea mkanda wake wa usalama kama mtu aliyeegemea kiti, vyuma vya kupandia viko miguuni. Jambo la kwanza nililotazama ni mikono yake. Tulipomwosha, mama yake alitukataza tusiifunue ile mikono. Sasa ninaiona, mizima, misafi, ina kale kakovu ka zamani alikokapata karakana.

"Amesema nini?" ananiuliza.

"Nani?"

"Bosi. Amesema nishuke?"

Alikuwa ananitazama kwa subira, bila hasira yoyote, kama mfanyakazi mzuri anayesubiri neno la mkubwa wake. Nikataka kumwambia, Sekela, wewe ulishashuka, tulikushusha, nilikuwepo kaburini. Lakini katika ndoto niliona aibu, kama vile kumwambia mtu kwamba amekufa ni kukosa adabu.

"Bado hajapiga," nikasema.

"Basi nitasubiri," akasema.

Na hapo miti haipo tena. Tuko kwenye uwanja wa chuo, jua kali, tumevaa ovaroli mpya ambazo mikono yake imetuzidi urefu. Sekela amesimama kando yangu, yuko chini, na ananiminya kiwiko. Naijua siku hii. Ni siku waliyokuja wasimamizi wawili wa kampuni kuchukua mafundi wapya, na mkuu wa karakana akasema kwa kuwa tumefaulu vizuri, tuchague wenyewe tunataka kufanya kazi chini ya nani.

Wa kwanza ni Mzee Mgaya. Uso wake ni wa mtu anayeumwa jino. Hakutusalimia vizuri. Alimpa Sekela kamba akamwambia afunge fundo. Sekela akafunga. Mzee akalifungua. "Tena." Akafunga. Akalivuta, akalifungua. "Tena." Hakumsifu hata fundo lilipomshinda yeye kulifungua. Alisema tu "Haya," akarudisha kamba mfukoni.

Wa pili ni Sanga. Sanga alikuja na kreti ya soda. Alijua majina yetu kabla hatujamtajia. Alimtazama Sekela akipanda nguzo ya mazoezi, akapiga makofi, akawaambia wote waliokuwepo, "Huyu mwanangu atakuja kuwa bosi wangu mimi, mtaona!" Watu wakacheka. Sekela akashuka uso unang'aa.

"Kwa Mgaya nitazeeka nafunga mafundo," aliniambia siku ile, na katika ndoto ananiambia tena, kwa sauti ileile. "Mimi naenda kwa mtu anayeniona."

Mimi pia nilitaka kwenda kwa Sanga. Nalisema hili ili mtu asinione mwenye busara. Sanga alisema ana nafasi moja tu ya binti, nyumba ya kulala mafundi wake haina chumba kingine. Nikabaki, nikaangukia kwa Mgaya kama kiatu kilichobaki sokoni.

Na nilipata tabu. Mgaya alifoka asubuhi, akafoka jioni. Siku moja alinikuta sijaukaza mkanda wangu vizuri, akanishusha, akanivua kofia ngumu kwa mikono yake mbele ya wanaume wote, akasema, "Nenda nyumbani. Kesho ukiwa na akili urudi." Nililia njia nzima. Nilimpigia Sekela, akanicheka kwa huruma. Yeye jioni ile alikuwa na bosi wake na wenzake wanakula nyama choma, nasikia vicheko nyuma yake. "Pole, dada," aliniambia. "Omba uhamisho uje huku kwetu. Huku sisi ni familia."

Kuna jambo moja Mgaya hakumwachia mtu. Kabla fundi hajapanda, yeye mwenyewe alikwenda kwenye swichi, hata kama iko mbali, hata kama kuna tope. Aliizima kwa mkono wake, akaifunga kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Akarudi. Akaipima laini. Akaitundikia waya wa kushusha umeme ardhini. Ndipo alisema, "Sasa." Kama hajasema sasa, hakuna aliyepanda. Siku moja wakubwa walikuwa wanasubiri umeme uwake shuleni, kwaya imeshapanga mistari, wageni wamekaa kwenye viti vya plastiki, na simu ya Mgaya inaita, inaita. Aliitazama tu. "Wasubiri," akasema. Ndiyo maana hakupandishwa cheo. Alistaafu bila hata kufanyiwa sherehe. Alirudisha vifaa stoo, akapanda gari la kwenda kwao kulima viazi.

Katika ndoto nilimtafuta. Uwanja wa chuo umejaa watu, naangalia huku na huku, namtafuta Mgaya kwa haraka kama mtoto aliyempoteza mama yake gulioni.

"Mgaya yuko wapi?"

"Si amestaafu," Sekela akasema.

"Sasa nani atakwenda kwenye swichi?"

Sekela alinishika mkono tukaingia ndani.

Ndani ni jikoni kwa mama yake. Moshi, mwanga unapenya kwenye matundu ya ukuta, na mama yake ameketi anamenya viazi bila kutuangalia. Sekela akakaa kwenye kigoda chake, kile alichokaa tangu akiwa mdogo. Nikakaa chini karibu naye. Joto la moto lilikuwa zuri. Kwa muda sikuwa na hofu, nikafikiri, kumbe inawezekana tu, anarudi tunakaa hivi.

Kisha mlango ukafunguka akaingia Sanga.

Amevaa suti aliyoivaa siku ya mazishi. Ana kitambaa mkononi na analia kama alivyolia siku ile, mabega yanatikisika, anasema "mwanangu, mwanangu." Mama Sekela akaacha viazi akamshika mkono, kama alivyomshika siku ile, mfiwa akimtuliza yeye. Na Sekela akasimama. Akasimama wima, akafuta kigoda kwa kiganja, akampisha Sanga akae.

"Mbona unasimama?" namuuliza.

"Ni bosi."

"Sekela, huyu ndiye aliyekuua."

Mama yake hakusikia. Sanga hakusikia, anaendelea kulia kwenye kigoda. Sekela peke yake ndiye aliyenigeukia.

Niseme jinsi alivyokufa, maana katika ndoto hilo halikusemwa. Sote wawili tulikuwa tunajua. Palikuwa na zahanati mpya inayosubiri umeme, na mgeni mkubwa alikuwa njiani kuja kuuwasha. Sanga alikuwa kwenye turubai la mapokezi, amevaa vizuri, anasalimiana na watu. Kikosi chake kilikuwa mbali kidogo, kwenye nguzo ya mwisho, na kazi haijaisha. Sekela akampigia kuuliza kama laini imezimwa. Akamjibu, "Panda, mwanangu, laini imezimwa, nimeshaongea nao." Hakuwa ameongea na hao wa kwenye swichi. Naamini alikuwa amekusudia kuongea nao, akapata mtu wa kusalimiana naye, akasahau. Sekela akapanda.

Wenzake waliokuwa chini ya nguzo walimsikia akizungumza kwenye simu, na jibu la bosi wakalisikia. Walinieleza mimi, mmoja baada ya mwingine, kwa kunong'ona, na kila mmoja aliniomba nisimtaje. Walipoitwa ofisini walisema hawakusikia kitu. Ikaandikwa kwamba fundi alipanda bila ruhusa. Nami nilikwenda ofisini bila kuitwa. Nikasema Sekela si mtu wa kupanda bila ruhusa, nimesoma naye, namjua. Wakaniuliza, "Ulikuwepo?" Nikasema sikuwepo. "Basi, asante." Mwaka haukuisha, Sanga akapandishwa, akawa mkubwa wa kanda yote.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kati yetu, pale jikoni, Sekela aliponigeukia.

"Alinipenda," akasema. "Usidhani hakunipenda, Anitha. Hata sasa analia kweli."

"Sasa kwa nini?"

Alifikiri. Alikuwa na tabia hiyo hata akiwa hai, ya kukunja midomo kabla ya kusema jambo zito.

"Mgaya alikuwa anaogopa," akasema. "Kila siku aliogopa usife. Ndiyo yale makelele yake. Huyu hakuogopa kitu. Nikakaa naye mpaka na mimi nikaacha kuogopa."

Nikatazama na kumwona Sanga anakula kiazi alichopewa, machozi bado yako mashavuni. Anakula vizuri, kwa hamu. Anampongeza mama kwa chumvi. Na Mama Sekela anatabasamu, Mungu wangu, anatabasamu, kwa sababu mkubwa wa kanda amekula kwake. Nikajaribu kupiga kelele. Mdomo wangu ulikuwa umejaa moshi.

Kuta zikaondoka. Sijui ziliondokaje. Tumesimama tena kwenye ule mteremko, lakini misonobari yote sasa ni nguzo, zimepangwa kushuka hadi bondeni, na kwenye kila nguzo kuna mtu amening'inia kwenye mkanda wake, anasubiri, kimya. Mimi niko chini. Nimevaa koti jipya la usimamizi. Nyuma yangu kuna gari, mlango wake uko wazi, na redio inaimba polepole. Mkononi nimeshika simu.

Nguzo iliyo mbele yangu haina mtu juu. Chini yake amesimama binti mdogo, fundi mpya, ovaroli imemzidi. Kofia imemfunika uso, sioni ni nani. Huenda ni mmoja wa wale ambao Sanga aliniambia nitawafundisha. Huenda ni binti yangu Neema akishakua. Ameshika nguzo kwa mkono mmoja, ananitazama mimi.

"Dada," ananiuliza, "nipande?"

Simu ikaita. Ni Sanga. Nyuma yake nasikia ngoma, watu, vicheko, sauti ya kipaza sauti kinachojaribiwa. "Mwanangu," anasema, kwa upole, upole wa kweli kabisa, "mgeni ameshafika. Wapandishe watu. Nimeshaongea nao."

Nataka kumuuliza umeongea na nani. Nataka kumwambia ngoja niende mwenyewe kwenye swichi. Lakini swichi iko ng'ambo ya bonde, na yeye ndiye aliyenipa koti hili, na gari linaunguruma nyuma yangu, na mume wangu anajivunia. Nikafungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikitoka laini, tamu, yenye kicheko ndani yake, si sauti yangu hata kidogo.

"Panda, mwanangu," nikasema. "Laini imezimwa."

Yule binti akaniamini. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote niliyoyaona. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akachomeka chuma chake cha kwanza kwenye nguzo, akaanza kupanda.

Nikawa nataka kuirudisha ile kauli, haitaki kurudi. Nasema shuka, linatoka panda. Nasema subiri, linatoka panda. Ndipo kiganja kikaniziba mdomo kutoka nyuma, kiganja kikubwa cha Sekela, baridi, kina harufu ya udongo uliolowa. Akaniminya hadi meno yakaniuma. Akaweka mdomo wake sikioni kwangu, na safari hii hakuwa mpole.

"Usiwe mdomo wake," akasema.

Nikaamka nimejiuma ulimi.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mvua imeacha. Mume wangu alikuwa ameketi kitandani ananitazama, maana alisema nilikuwa napiga teke na kusema maneno.

"Mama Neema, vipi?"

Nikamweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa. Alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu mwema, hakunikatiza. Kisha akavuta pumzi akasema, "Sasa tuache maisha yetu kwa sababu ya ndoto?"

"Si ndoto," nikamwambia. "Haya yote nilikuwa nayajua kabla sijalala. Huyo mtu namjua."

"Kila bosi ana ubaya wake. Hata huyo Mgaya wako alikuwa anakutukana."

"Alinitukana, na niko hapa nazungumza na wewe."

Alivaa akaenda kufungulia kuku, na tangu asubuhi ile hadi wiki ile ilipoisha alizungumza nami kuhusu chumvi na sabuni tu. Simlaumu. Alikuwa ameshawaambia kaka zake.

Nafasi ile akaja kupewa kijana mmoja mchapakazi, mchangamfu, tunayeheshimiana naye. Nilimfuata nikamwambia, kaka, ukiwa kule, swichi nenda mwenyewe, usiamini simu. Akaniitikia kwa adabu, akaniambia Bosi Sanga ameshamwahidi makubwa, na kwamba hajawahi kupata mkubwa mwenye roho nzuri namna ile. Nilimwona anavyofurahi. Nikaagana naye. Mimi nimebaki kwenye kikosi kidogo cha matengenezo, chini ya mama mmoja mkali ambaye hakuna anayempenda, na niliomba mwenyewe kupelekwa kwake baada ya kumchunguza kwa siku nyingi anafanya nini fundi wake akiwa juu. Haondoki chini ya nguzo. Hata simu hapokei. Sijapanda cheo na sidhani kama nitapanda.

Lakini asubuhi ile hayo yote yalikuwa bado. Nilichukua simu nikatoka nje, nikasimama kwenye ubaridi, nikampigia. Alipokea upesi, sauti yake imechangamka kama kawaida.

"Mwanangu! Nipe habari njema."

Nikamshukuru kwa kunifikiria. Nikamwambia sitaweza.

Alicheka kidogo, kama mtu anayedhani natania. Akauliza kama ni gari, akauliza kama ni nyumba, kama ni mume, ili azungumze naye. Nikasema hapana kwa kila kimoja. Kicheko kikapungua.

"Basi kuna mtu amekuambia maneno mabaya juu yangu," akasema. "Niambie ni nani. Mimi sina kinyongo, nataka nijue tu."

"Sekela," nikasema.

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa upande wake, na mtu anamsalimia, naye hakuitikia.

"Mwanangu," akasema hatimaye, taratibu sana, "Sekela ni marehemu."

"Najua, bosi," nikamwambia. "Nilimwosha."